Sauti Iliyonaswa na Swali la Sala

Swali linalochunguzwa hapa ni la zamani, ingawa chombo kilicholiamsha upya ni kipya: je, sauti ya mtu anayesali, ikishageuzwa kuwa tarakimu na kuwekwa ndani ya kompyuta, inabaki kuwa sala, au imekwisha kuwa kitu kingine kinachofanana na sala kwa nje tu? Katika milima ya Wamatengo, kwenye kata kama Mkumbi na parokia kongwe kama Litembo, na vilevile kule chini kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, kwaya ndiyo shule ya muziki ya watu walio wengi, na kurekodi nyimbo zake kumekuwa sehemu ya kazi yake ya kawaida. Kwa sababu hiyo swali humfikia fundi mitambo wa parokia kabla halijamfikia mwanateolojia, nalo humfikia kwa sura ya vitendo, pale anapolazimika kuamua ni wakati gani abonyeze kitufe cha kurekodi, na ni wakati gani aicheze sauti aliyoirekodi mbele ya watu waliokuja kusali.

Chombo chenyewe ni kadi ya sauti ya nje, yaani kisanduku kidogo chenye matundu ya maikrofoni upande mmoja na waya wa USB upande wa pili, ambacho hupokea umeme dhaifu unaozalishwa na maikrofoni, hukuza umeme huo, kisha huupima mara nyingi sana ndani ya kila sekunde. Kadi iliyopangwa kwa kasi ya 48,000 hupima mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo, kiitwacho sampuli, huandikwa kama namba. Ikiwa namba hiyo ina biti 24, kila sampuli inaweza kuwa na thamani mojawapo kati ya zaidi ya milioni 16. Baada ya hapo hakuna tena sauti ndani ya waya, bali mfululizo wa namba tu, na ni wajibu wa kompyuta kuzipokea kwa mpangilio na kwa wakati.

Kompyuta inayoendeshwa kwa Linux huzipokea namba hizo kwa njia inayostahili kuelezwa, kwa kuwa itahitajika baadaye katika hoja. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na hutolewa pamoja na msimbo wake ili yeyote aweze kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ndani ya kiini hicho kuna sehemu iitwayo ALSA, iliyoasisiwa na mtaalamu wa Kicheki Jaroslav Kysela katika miaka ya mwisho ya 1990, inayosimamia vyombo vyote vya sauti. Kadi inayofuata kanuni za pamoja za sauti kupitia USB, ambazo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1998, haihitaji draiva kutoka kwa mtengenezaji, kwa maana draiva, ile programu inayokiwezesha kiini kuelewana na chombo, tayari imo ndani ya ALSA kwa jina la snd-usb-audio. Matatizo yanayowasumbua mafundi kwa kawaida yako mahali pengine: kompyuta ina kadi zaidi ya moja, ikiwemo ile ya waya wa runinga, na sauti inapelekwa kwenye kadi isiyokusudiwa, au njia imefungwa katika programu ya alsamixer, au maikrofoni ya kondensa haijawashiwa umeme wake wa volti 48. Amri ya arecord -l huorodhesha kadi zenye uwezo wa kurekodi, na aghalabu nusu ya kazi huwa imekwisha pale fundi anapoliona jina la kadi yake katika orodha hiyo.

Mambo mawili katika utendaji huu yana uzito wa kifalsafa. La kwanza ni bafa. Kompyuta haipokei sampuli mojamoja, bali huzikusanya katika sehemu ndogo ya kumbukumbu, na sehemu hiyo ikijaa ndipo programu huzichukua kwa mkupuo. Mkulima wa Kimatengo anayelima kwa ngolo, yale mashimo yaliyopangwa kwa safu juu ya miteremko mikali ili maji ya mvua yatulie kabla ya kuendelea kushuka, hatapata shida kuielewa kazi hiyo. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi iliyotajwa, huishikilia sauti kwa takriban milisekunde 5.3, na bafa ya sampuli 1,024 huishikilia kwa takriban milisekunde 21.3. Fundi akiipunguza kupita uwezo wa kompyuta, sauti hupasuka na kukatikakatika. Akiizidisha, mwimbaji aliyevaa hedifoni huisikia sauti yake mwenyewe ikimfuata kwa nyuma, naye huanza kuyumba katika mapigo. Fundi anaweza kuchagua ukubwa wa bafa, lakini hawezi kuchagua kutokuwa nayo.

La pili ni namna sauti inavyosafiri ndani ya waya. Faili linaponakiliwa kwenda kwenye flash, kila kifurushi cha data hukaguliwa, na kilichoharibika hutumwa tena mpaka kifike kikiwa kamili. Sauti haipewi huduma hiyo. Husafirishwa kwa utaratibu unaoitwa aisokronasi, ambao huitengea nafasi yake katika kila kipindi kifupi cha mawasiliano, lakini kifurushi kikiharibika njiani hakirudiwi, kwa sababu hata kikirudiwa kitafika wakati zamu yake imekwisha kupita. Waliotunga kanuni za USB waliamua kwamba kwa faili ukamilifu unatangulia wakati, na kwa sauti wakati unatangulia ukamilifu. Uamuzi huo ulikuwa wa kihandisi tu, lakini ndani yake mna tofauti ambayo wanafalsafa wameihangaikia kwa karne nyingi, tofauti kati ya kitu na tukio: faili ni kitu kinachoweza kungoja, na wimbo ni tukio linalopita. Katika waya sauti bado inatendewa kama tukio, na ikishafika kwenye diski inaanza kutendewa kama kitu. Swali la sala linakaa katikati ya waya na diski.

Sheria za dini mbili kubwa za Afrika Mashariki zimekwisha kulijibu swali hilo, na jambo la kuvutia ni kwamba zimelijibu kwa namna moja bila kushauriana. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, waraka wa Idara ya Ibada wa Septemba 3, 1958, juu ya muziki mtakatifu na liturujia, ulikataza kutumia vyombo vinavyojiendesha, kama vile gramafoni na mashine za kurekodi, katika ibada za kiliturujia, hata kwa kusaidia tu uimbaji wa waamini. Lakini waraka huohuo uliruhusu vipaza sauti vinavyoikuza sauti ya mtu aliyepo. Kwa maneno mengine, kupitisha sauti kuliruhusiwa na kuihifadhi ili ichukue nafasi ya waimbaji kukakataliwa. Nyaraka za aina hii hazikuwa ngeni kusini mwa Tanzania. Padri na mtunzi Stephen Mbunga wa Peramiho, ambaye Misa yake ya Baba Yetu ni ya mwaka 1959, alichapisha nchini Uswisi mwaka 1963 kitabu cha Church Law and Bantu Music, kinachozipima nyaraka za Kanisa kuhusu muziki dhidi ya muziki wa Wabantu. Na Desemba 4 ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika kifungu cha 119 cha Katiba ya Liturujia, ulitambua kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni una nafasi yake katika ibada.

Kwa upande wa Uislamu, Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu liliulizwa kutoka Syria kama inafaa adhana itolewe misikitini kwa kaseti, na katika kikao chake cha Makka cha mwaka 1986 lilijibu kwamba adhana ya kinasa sauti haitoshi, kwa kuwa adhana ni ibada, na ibada huhitaji nia ya mwenye kuitekeleza. Hoja hii ina mizizi mirefu zaidi ya mashine. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walikwisha kujadili, kabla ya kuwapo gramafoni yoyote, kama msikilizaji anawajibika kusujudu sijda ya tilawa anapoisikia aya ya Kurani inayodai sijda kutoka kwa ndege aliyefundishwa kusema au kutokana na mwangwi wa mlimani, nao walijibu kwamba hawajibiki, maana ndege na mwangwi hutoa sauti ya kisomo bila kuwapo msomaji. Mtu akiitazama kadi ya sauti kwa jicho la wanazuoni hao ataona kwamba kilichobadilika ni ubora wa mwangwi peke yake.

Hata hivyo kadi ya sauti imeleta ugumu ambao waliotunga sheria hizo hawakuwa na sababu ya kuuwaza. Mpaka wa mwaka 1958 ulidhani kwamba kupitisha na kuhifadhi ni matendo mawili yanayofanywa na vyombo viwili tofauti, kipaza sauti hapa na mashine ya utepe kule. Katika kompyuta ni tendo moja. Sauti ya padri inayopita kwenye mixa ya kidijitali na kutokea kwenye spika za nyuma ya kanisa imekwisha kuandikwa katika kumbukumbu, ikakaa humo kwa milisekunde kadhaa, ikasomwa na kugeuzwa tena kuwa umeme. Ni sauti iliyohifadhiwa, hata kama imehifadhiwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mbishi anaweza basi kuuliza: ikiwa milisekunde 5 hazijaiondolea sala uhai wake, je, sekunde 5 zitauondoa, na ikiwa sekunde 5 haziuondoi, kwa nini miaka mitano? Ni vigumu kumwonyesha mstari mahali popote katika mfululizo huo.

Haitoshi kumjibu kwamba ucheleweshaji mdogo si kitu, kwa sababu ucheleweshaji haukuletwa na kompyuta. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo muumini aliyeketi mita 30 kutoka altareni husikia neno la padri likiwa limechelewa kwa karibu milisekunde 87, mara kadhaa zaidi ya bafa ya kawaida ya Linux, na hakuna aliyewahi kudai kwamba muumini huyo amesikia kumbukumbu badala ya sauti. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alikwenda mbali zaidi alipomchunguza mtu anayeimba zaburi anayoijua kwa moyo: sehemu iliyokwisha kuimbwa imo katika kumbukumbu, sehemu inayokuja imo katika tarajio, na usikivu wa nafsi ndio unaozipitisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa mtazamo wake hakuna wimbo unaosikika wote katika sasa moja. Kila mwimbaji hubeba bafa yake rohoni. Kumbukumbu, basi, haiwezi kuwa adui wa sala, na muda hauwezi kuwa kipimo cha kutenganisha sauti hai na sauti iliyonaswa.

Kipimo kinachofaa zaidi kinapatikana kwa kumtazama tena yule mwimbaji mwenye hedifoni anayeyumba bafa inapokuwa kubwa. Anayumba kwa sababu uimbaji wake ni wa kujirekebisha kwa kadiri anavyosikia: akijisikia yuko juu hushuka, akisikia besi zimetangulia hukaza mwendo. Kadi nyingi zina kitufe kinachoirudisha sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta, na kitufe hicho kipo kwa ajili ya mzunguko huu wa kutoa na kujibu. Ibada nayo ina mzunguko huohuo kwa upana zaidi. Padri hutamka na watu huitikia, naye hangoji kwa sekunde zilizopangwa bali hungoja mpaka wamemaliza. Maandamano ya vipaji yakiwa marefu, mwalimu wa kwaya hurudia ubeti. Mtoto akianguka kanisani, wimbo hukatika. Sauti iliyopita katika bafa ya milisekunde 20, au hewani kwa mita 30, bado iko mikononi mwa aliyeitoa, naye bado yuko chini ya wale wanaoisikia: wanaweza kumharakisha, kumnyamazisha, kumwitikia. Sauti iliyorekodiwa haiwezi kufanyiwa hayo hata ikichezwa papo hapo, maana aliyeitoa amekwisha kuondoka ndani yake. Kinachoitofautisha sauti ya sala na sauti iliyonaswa, kwa hiyo, ni kama kuna mtu anayeweza kujibiwa na kubadilika kwa jibu hilo. Nia waliyoisisitiza wanazuoni wa Makka na ushiriki wa waamini ambao Mtaguso uliusisitiza ni pande mbili za sharti hili moja.

Pingamizi lenye nguvu linatoka kwenye redio. Radio Maria Tanzania ilianza kurusha matangazo yake Songea mwaka 1996, na mgonjwa wa Lituhi au Mkumbi anayefuata Misa kwa redio hawezi kumharakisha padri wala kumnyamazisha. Kwa kipimo kilichotolewa, ingeonekana kwamba anasikiliza mwangwi tu. Lakini mzunguko wa kuitikiana upo kule Misa inakoadhimishwa, na msikilizaji hujiunga kwa mbali na tendo la watu wanaojibizana kweli, ndiyo maana Kanisa limeithamini Misa ya redio kwa wagonjwa bila kuihesabu kuwa sawa na kuhudhuria. Hali ya bibi anayesali rozari akifuatisha rekodi iliyomo katika simu ni tofauti tena, na hapa ukali wa baadhi ya wahubiri hauna msingi: rekodi inamfanyia kazi ileile ambayo kitabu cha sala kinamfanyia mwenye macho mazima, na sala ni sauti yake mwenyewe anayoitikia nayo. Kosa hutokea pale mashine inapowekwa ili isali badala ya watu, kama vile parokia inapozima kwaya yake yenye makosa na kucheza nyimbo safi za kwaya ya mjini kwa sababu zinapendeza zaidi.

Ikiwa sauti iliyonaswa si sala, ni nini basi? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba ni ushahidi: kitu kinachothibitisha kwamba watu fulani, mahali fulani, siku fulani, walisali hivi. Jibu hili lina uzito katika jamii inayowakumbuka wafu wake kwa majina. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina na wale waliomjua bado yumo karibu na walio hai, na kwamba huzama katika Zamani, yaani wakati wa kale ulio mbali na kumbukumbu ya walio hai, pale anapokufa mtu wa mwisho aliyemkumbuka. Kurekodi kunauvuruga utaratibu huo, maana sauti ya mwimbaji inaweza kuwafikia vitukuu ambao hawakupata kumwona, ikiwa wazi kuliko kumbukumbu yoyote. Wapo watakaovutwa kuamini kwamba marehemu yumo ndani ya faili, na wapo watakaoifuta faili kwa kuogopa imani hiyo. Kumchukulia mwimbaji kama shahidi kunaepusha yote mawili: hayupo, lakini alichokisema kipo, na kinaweza kuaminiwa.

Ushahidi huaminiwa pale njia uliyopitia inapoweza kukaguliwa, na hapa ndipo uchaguzi wa Linux unapoacha kuwa suala la bei peke yake. Baadhi ya kadi za sauti zina mipangilio ya ndani ambayo mtengenezaji aliifungia katika programu yake ya Windows na macOS. Kwa kadi za Scarlett za kampuni ya Focusrite, ilimbidi mtunga programu Geoffrey Bennett aichunguze lugha ya kadi hizo na kuandika sehemu ya draiva inayowezesha mipangilio hiyo kufikiwa kutoka Linux, kisha kazi yake ikaingizwa katika kiini na kuwa ya wote. Aliye Mbinga leo anaweza kusoma mstari kwa mstari kile ambacho draiva hiyo inaifanyia sauti. Kinyume chake ni programu zinazonyoosha sauti za waimbaji ili zikae kwenye noti za kinanda bila mwimbaji mwenyewe kujua, mtindo ulioenea tangu Auto-Tune ilipotolewa mwaka 1997. Kwa biashara ya muziki huenda mtindo huo una nafasi yake. Kwa kurekodi kwaya ya kijiji, au ngoma ya mganda ya mwambao wa Nyasa ambayo mapenga yake ya vibuyu hutoa mvumo unaokwaruza kwa makusudi, ni sawa na kumfundisha shahidi maneno ya kusema, na fundi anayejali anapaswa kuhifadhi rekodi ya asili kabla ya kugusa chochote, katika muundo wa WAV au FLAC ambao haupunguzi taarifa na unaoweza kusomwa bila idhini ya kampuni yoyote.

Parokia nyingi za Jimbo la Mbinga, lililoanzishwa mwaka 1986, zilikua katika enzi ya kaseti, na utepe wa kaseti huchakaa hata ukikaa kabatini bila kuguswa. Redio kaseti inayofanya kazi, waya wa kuiunganisha na tundu la kuingizia sauti la kadi, na kompyuta kuukuu yenye Linux na programu ya kurekodi ya Audacity vinatosha kuhamisha nyimbo za kaseti hizo kwenda kwenye kompyuta. Wenye kaseti hizo, iwe Mkumbi, Litembo au Liuli, wazihamishe sasa, waandike kwa kila wimbo jina la kwaya, mahali, mwaka na majina ya waimbaji wanaokumbukwa, na wawaombe ruhusa waimbaji walio hai na familia za waliofariki kabla ya kumpa nakala mtu mwingine.